Majina Yetu na Nasaba Zetu

(Somo hili lilisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima, Mkoa wa Tanga. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi wapate kulisoma tena polepole. Msomaji ni afisa elimu.)

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, kalamu mkononi na daftari mbele yenu.

Somo letu la leo ni habari ya majina. Kila mmoja wenu, katika juma la kwanza la kisomo, alijifunza kuandika jina lake mwenyewe. Leo tutakwenda mbele kidogo. Tutajifunza kuandika jina la baba, la babu, na la baba wa babu. Kadhalika jina la mama na la bibi. Orodha ya majina hayo huitwa nasaba.

Labda mtu atauliza, "Mwalimu, nasaba itanifaa nini? Babu yangu amekwisha kufa zamani." Nitamjibu kwa kisa nilichokiona mwenyewe.

KISA CHA MINAZI 25

Katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya Tanga na Pangani, alikuwako mzee mmoja, mwanafunzi wa darasa letu. Marehemu baba yake alinunua minazi 25 katika mwaka 1958. Muuzaji hakujua kuandika, kwa hiyo kijana mmoja wa shule aliandika cheti kifupi: "Nimemwuzia Mzee Pweza minazi 25, na fedha yote nimepokea." Wakatia dole gumba, cheti kikawekwa sandukuni.

Pweza lilikuwa jina la utani. Baba yule alikuwa hodari wa kuvua pweza miambani wakati wa bamvua, maji yakipwa. Kijiji kizima kilimwita hivyo, hata watoto wake. Hakuna aliyeona haja ya kuandika jina alilopewa na wazazi.

Miaka mingi ikapita. Wajukuu wa muuzaji wakaja wakasema, "Shamba hili ni letu." Mzee wetu akachukua cheti akaenda ofisini. Karani akakisoma, akasema, "Cheti ni kizuri. Lakini huyu Mzee Pweza ni nani? Kitambulisho chako chasema baba yako ana jina jingine." Mzee akarudi nyumbani. Akaenda mara ya pili, na ya tatu, na kila safari nauli yatoka mfukoni. Alijua kuwa Pweza ni baba yake, lakini kujua si kuthibitisha.

Mwisho alikumbuka kuwa yuko shangazi yake, bibi kizee asiyetoka tena nje. Walimchukua kwa baiskeli mpaka barazani. Bibi yule akataja jina la ndugu yake, la baba yao, la babu yao, na jina la mama aliyewazaa. Akataja watu waliokaa chini ya mwembe siku minazi ilipouzwa. Mmoja wao alikuwa bibi mzaa mama wa hao hao waliodai shamba. Watu wakatazamana. Baraza likakubali, na minazi ikabaki kwa mwenyewe.

Shangazi yule alifariki kabla ya mwaka kwisha. Je, kama kesi ingalikuja mwaka mmoja baadaye?

Basi, mabibi na mabwana, hayo ndiyo nitakayosema leo: jina lisiloandikwa hufa pamoja na anayelikumbuka. Na baada ya jina, mali yaweza kufuata.

JINA LA MTU WA PWANI

Kwanza tuangalie jinsi majina yetu yalivyojengwa.

Kwa Waislamu wa pwani, mtoto hupewa jina siku ya saba, na mwenye uwezo huchinja mbuzi wa akika. Jina laweza kutokana na siku au mwezi wa kuzaliwa: Juma, Hamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mwanaidi ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa Idi. Au jina hutokana na hali ya nyumbani siku zile: Tabu, Mashaka, Furaha. Na mara nyingi mno mtoto hurithi jina la babu au bibi yake.

Baada ya jina la mtoto hufuata jina la baba. Zamani tuliweka neno bin kwa mwanamume na binti kwa mwanamke. Baada ya baba hufuata babu, na baada yake baba wa babu.

Nitawapa mfano wa kweli wa hapa petu. Iko tenzi mashuhuri inayosimulia vita vya watu wa Mrima na Wadachi vya miaka ya 1888 na 1889. Katika vita hivyo Bushiri bin Salim el-Harthi alikamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba, 1889. Mtungaji wa tenzi hiyo, jina lake katika kitabu laandikwa hivi: Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el-Buhriy.

Hebu tulisome kama tunavyopanda ngazi. Hemedi ni mwenyewe. Abdallah ni baba yake. Said ni babu yake. Abdallah wa pili ni baba wa babu. Masudi ni babu wa babu. El-Buhriy ni nisba, yaani jina la ukoo wote, halibadiliki.

Mmeona kuwa Abdallah ametajwa mara mbili? Si kosa la mpiga chapa. Said alimpa mwanawe jina la baba yake mwenyewe. Desturi hii ni nzuri, kwa kuwa jina la mzee halipotei. Lakini ni mtego kwa mwandishi wa nasaba. Asiyekuwa mwangalifu atadhani Abdallah wawili ni mtu mmoja, naye atakuwa ameruka vizazi viwili.

Tufanye na hesabu kidogo. Kizazi kimoja twaweza kukikadiria miaka 25 au 30. Kutoka Masudi mpaka Hemedi ni hatua 4. Mara 25 ni miaka 100. Mara 30 ni miaka 120. Basi twaweza kukisia kuwa Masudi alizaliwa miaka 100 hadi 120 kabla ya Hemedi. Jina moja refu limetupa habari ya miaka zaidi ya mia.

Mwana wa Hemedi huyo, Shehe Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga, aliandika kitabu cha mirathi. Haishangazi. Huwezi kugawa urithi kabla hujajua nani ni mtoto wa nani.

Tukipanda milimani, mambo hufanana. Katika Usambaa na Uzigua, majina mengi ya wanaume huanza na She au Se, na mtu akilisikia jina hujua mara moja limetoka upande gani. Huko nako majina hurudi. Kimweri aliyetawala Usambaa mpaka akafa mwaka 1862 huitwa Kimweri ye Nyumbai. Mwingine wa ukoo huo huo aliyekuja baadaye huitwa Kimweri Maguvu. Neno lile la pili ndilo linalowatenga. Habari za watawala hao ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu Habari za Wakilindi, kwa Kiswahili, kwa kuwauliza wazee. Alifanya kazi ile ile ninayowaomba ninyi mfanye, ila yeye aliifanya kwa ukoo wa kifalme.

VYUMBA VITATU VYA FOMU

Siku hizi fomu ina vyumba vitatu: jina la kwanza, jina la kati, na jina la ukoo. Fomu hii yafaa sana kwa watu wenye jina moja la ukoo lisilobadilika. Kwetu pwani wengi hawana jina la namna hiyo, au wanalo lakini hawalitumii. Kwa hiyo twaandika jina la babu mahali pa ukoo.

Tuseme mtu aitwa Ali Hamisi Juma. Mwanawe ataandikwa Saidi Ali Hamisi. Mjukuu wake ataandikwa Bakari Saidi Ali. Hao ni baba, mwana na mjukuu wa nyumba moja, lakini katika fomu koo zao ni tatu: Juma, Hamisi na Ali. Karani mgeni hawezi kujua kuwa ni ndugu, na wala si kosa lake.

Tena iko tofauti ya herufi. Mtu mmoja huandikwa Hamisi shuleni, Khamis kwenye cheti cha ndoa, na Hamis katika kitambulisho. Masikioni ni jina moja. Katika karatasi ni matatu. Chagueni namna moja ya kuandika, mkaishike.

WENZETU WA KANADA

Msidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Mbali sana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, iko nchi ya Kanada, na ndani yake liko jimbo la Québec, ambako watu wengi husema Kifaransa. Wazee wao walitoka Ufaransa, na mji wa Québec ulianzishwa mwaka 1608. Wengi wa walowezi wale hawakujua kusoma. Lakini mapadre waliandika katika daftari za kanisa kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Kwa ajili ya daftari hizo, Wakanada wengi leo waweza kupanda ngazi ya nasaba vizazi kumi na zaidi.

Hata hivyo wao nao walikuwa na akina Mzee Pweza wao. Askari wa Kifaransa walipeana majina ya utani. Mmoja aliitwa Lafleur, maana yake Ua. Mwingine aliitwa Sansouci, maana yake Asiye na Wasiwasi. Baadaye watoto wengine walishika jina la ukoo wa baba, na wengine wakashika jina la utani. Hivyo ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na koo mbili tofauti katika daftari.

Mapadre na waandishi wa mikataba walifanyaje? Waliandika yote mawili, na katikati wakatia neno dogo la Kifaransa, dit, maana yake "aitwaye". Fulani aitwaye Ua. Basi. Neno moja dogo likafunga majina mawili kwa mtu mmoja, na vitukuu vyake hawapotei.

Fikirini kama kile cheti cha minazi kingaliandikwa jina kamili la yule baba, kisha "aitwaye Mzee Pweza". Mzee wetu angalirudi nyumbani siku ile ile ya kwanza.

MAJINA YA MKONGENI

Mkoa wetu una habari nyingine ya majina, nayo ni ya mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Daktari Hindorf, Mdachi, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yakaongezeka, na kazi ikahitaji watu wengi. Wakaja kutoka Songea, Njombe, Kigoma, na hata kutoka Msumbiji na Burundi. Wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kuandikiwa siku zake 30 za kazi.

Karani wa shamba aliandika jina kama alivyolisikia. Wengine walipata jina jipya la kazi; wengine walibadili dini wakapata jina jipya la dini; na jina la kwao likabaki kwa mke na jirani tu. Wajukuu wao wako hapa Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani. Wengi hawajui kijiji babu alikotoka. Ikiwa wewe ni mmoja wao, muulize mzee wako leo: Jina la nyumbani lilikuwa nani? Kijiji gani? Alikuja na nani? Na kama kipande cha zamani kimo sandukuni, usikitupe wala usiwashie moto.

JINA LA MAMA

Bibi mmoja wa darasani aliniuliza, "Mwalimu, na sisi wanawake? Wewe wataja bin, bin, bin, kama kwamba watu wote wamezaliwa na wanaume."

Alisema kweli. Kwa desturi ya pwani mwanamke haachi jina lake anapoolewa. Aliyezaliwa Mwanaidi binti Hamisi hufa akiwa Mwanaidi binti Hamisi, ajapoolewa mara tatu. Huko Québec nako, tangu mwaka 1981, sheria husema mke ashike jina lake la kuzaliwa. Lakini kwetu, mwanamke akiisha kuzaa huitwa Mama Fulani, na baada ya miaka mingi hata majirani hawajui jina lake. Na anapokufa, wajukuu husema, "Bibi? Tulimwita Bibi."

Hasara yake ni kubwa. Wadigo, ndugu zetu wa kaskazini ya Tanga, zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu alirithi kwa mjomba wake. Aliyesahau jina la mama wa mama alipoteza njia ya urithi. Tena, akina Juma bin Hamisi ni wengi. Lakini Juma bin Hamisi aliyezaliwa na Mwanaidi binti Bakari hupatikana upesi. Basi andikeni pande zote mbili.

WAZIGUA WA MTO JUBA

Sasa nitawapa kisa kikubwa kuliko cha minazi.

Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi kutoka pwani yetu mpaka Somalia, wakauzwa huko. Baadaye wengi walitoroka, wakaenda bara katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakajenga vijiji wakalima. Watoto wao hawakuiona Handeni kamwe. Lakini wazee waliwafundisha lugha ya Kizigua, majina ya koo zao, na habari ya kwao walikotoka.

Mwaka 1991 vita vilipoivunja serikali ya Somalia, wengi wao walikimbia. Wengine walikwenda Kenya, na kutoka huko maelfu yao walipelekwa kukaa Marekani. Wengine walipanda majahazi wakaja Tanganyika ya babu zao. Walipofika, walisema Kizigua na wenyeji wakawaelewa, ingawa ilikuwa imepita yapata miaka 150. Hawakuwa na cheti hata kimoja cha babu zao. Tangu mwaka 2003 walipewa ardhi Chogo, katika Wilaya ya Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania.

Watu hao walinyang'anywa kila kitu, ila waliyoyashika kwa ulimi. Sisi hatujanyang'anywa, na tena tuna kalamu. Je, tutashindwa?

NAMNA YA KUFANYA

1. Anza na wewe mwenyewe. Chini ya ukurasa andika jina lako. Juu yake chora mistari miwili: mmoja kwa baba, mmoja kwa mama. Juu ya kila mmoja chora miwili tena. Wazazi ni 2, wazee wao ni 4, na wazee wa hao ni 8, jumla 14. Pasipojulikana acha wazi, usibuni jina.

2. Nenda kwa aliye mzee kuliko wote, kwanza. Mwamkie, kaa chini, usimharakishe.

3. Usimwulize mwaka kwa tarakimu kama hakusoma. Mwulize mambo: Alizaliwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 au baadaye? Wakati wa Vijiji vya Ujamaa mlihamia wapi? Bibi yake alimsimulia nini habari ya vita vya Tanga vya Novemba, 1914?

4. Andika jina la nyumbani, jina la dini, na jina la utani, ukitia neno "aitwaye" katikati.

5. Andika na jina la aliyekueleza, na tarehe. Wazee wawili wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili.

6. Tafuta karatasi: cheti cha ndoa, daftari za ubatizo kwa Wakristo, kadi za zamani, kipande. Kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, ofisi yake ni RITA, iliyoanzishwa mwaka 2006. Na kama majina yako hayafanani katika vyeti, uliza habari ya hati ya kiapo kwa hakimu au wakili, mashahidi wangali hai.

TAHADHARI

Mkitafuta nasaba mtakuta mambo mazito. Mtasikia majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Zawadi, na pengine mtaambiwa kuwa mwenye jina hilo alikuwa mtumwa, na jina alipewa na bwana wake. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa hana aibu. Mwandikeni kwa heshima kama mnavyomwandika shehe au diwani. Wala msiitumie nasaba kumcheka jirani. Iandikeni kama ilivyo, msiongeze utukufu usiokuwako.

Wakati wetu umekwisha. Juma lijalo, nyote mje na majina ya wazee wenu wanne, wawili wa kwa baba na wawili wa kwa mama. Asiyeyajua leo, ana siku saba za kuuliza. Kwa herini, mabibi na mabwana.

MANENO YA KUJIFUNZA

Nasaba: orodha ya wazazi na wazee wa mtu.
Nisba: jina la ukoo au la mahali mtu alikotoka.
Kizazi: watu wa umri wa baba, au wa mtoto, au wa mjukuu.
Kitukuu: mtoto wa mjukuu.
Kilembwe: mtoto wa kitukuu.
Hati ya kiapo: maandishi ya mtu aliyeapa kuwa asemayo ni kweli.

MASWALI

1. Kwa nini karani hakukikubali cheti cha minazi?
2. Said bin Abdallah alimpa mwanawe jina gani, na kwa nini?
3. Neno gani dogo lingaliweza kumwokoa Mzee Pweza? Litumie kuandika jina la mtu mmoja wa kijiji chenu.
4. Wazigua wa Mto Juba walikumbuka mambo gani matatu?
5. Mama wa mama yako aitwa nani? Andika jina lake lote.